Kusi Iwe Mgongoni: Kupanga Safari ya Baiskeli Kutoka Usambara hadi Pwani ya Tanga

Mkoa wa Tanga umejaliwa kitu ambacho mikoa mingi haina: milima yenye misitu ya ukungu na pwani yenye minazi, vyote katika masafa ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyamaliza kwa baiskeli ndani ya wiki mbili bila kujitesa. Unaweza kulala Lushoto umejifunika mablanketi mawili, na siku chache baadaye ukawa unaoga baharini Pangani. Katikati yake kuna chai, mkonge na michungwa, na vijiji ambavyo basi hupita kwa kasi bila abiria kuvijua hata majina. Safari hii haidai baiskeli ya mamilioni wala miguu ya mwanariadha. Inadai mpango mzuri, na mpango mzuri hauanzi na kilomita.

Wengi huanza hapo hapo. Hufungua ramani kwenye simu, hujumlisha kilomita, hugawanya kwa siku za likizo, wakapata 50 kwa siku na kuridhika. Lakini kilomita 50 za lami kwenye tambarare ni kazi ya asubuhi moja, na kilomita 50 za udongo katika mabonde ya Bumbuli zinaweza kukulaza njiani. Anza na mambo matatu: mwinuko, mahali pa kulala, na upepo. Ukishayaweka hayo sawa, kilomita zitafuata zenyewe.

Msimu

Panga safari kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba. Masika yanakuwa yamekwisha na vuli haijaanza. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa hunata kwenye tairi, ukajaa kwenye madigadi, hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo utaibeba baiskeli badala ya baiskeli kukubeba wewe. Mwanzoni mwa Juni sehemu zenye kivuli huwa bado na tope. Mimi napendelea Agosti, kwa sababu barabara zimekauka na vumbi bado halijawa la kukera.

Usidanganywe na jina la kiangazi. Kipupwe cha Lushoto kina baridi ya kweli. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi kumi na kitu, na Magamba, iliyo juu zaidi, hushuka kuliko hapo. Asubuhi huwa na ukungu na manyunyu yanayolowesha nguo bila mtu kuhisi mvua. Ndugu zetu wanaorudi likizo kutoka Ulaya na Marekani katika miezi hiyo hufungasha nguo za pwani peke yake, na Lushoto huwatoa jasho la kupanda na kuwatetemesha jioni ile ile. Chukua sweta moja nzito, koti jepesi lisilopitisha maji, na soksi kavu za kulalia.

Usambara Mashariki ni habari nyingine. Amani iko karibu na bahari na ndiyo inayopokea kwanza upepo wenye unyevu. Hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na haina mwezi mkavu kabisa. Kwa hiyo hata ukienda Agosti, weka siku moja ya akiba kwa ajili ya Amani.

Kisha angalia jua. Julai huchomoza huko kama saa 12 na nusu asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni. Jiwekee sheria usiyoivunja: saa 10 alasiri uwe umefika unapolala. Saa mbili zinazobaki ni za pancha, za njia iliyopotea, na za mzee atakayekusimamisha akitaka kujua unatoka wapi.

Mwinuko kwanza

Mtu mwenye afya ya kawaida, akiwa na mzigo wa kilo 12 hadi 15 kwenye baiskeli, hupanda kama mita 300 za mwinuko kwa saa kwenye lami. Kwenye udongo wenye mawe hesabu 200. Kwenye tambarare ya lami atakwenda kilomita 15 kwa saa, kwenye udongo mzuri 10, na akisukuma kwa mguu kama 4. Chukua kila siku ya safari uipime kwa saa kwa kutumia viwango hivyo, halafu ongeza theluthi moja kwa ajili ya kula, kupumzika na kusalimiana. Siku ikizidi saa saba, ikate vipande viwili.

Tazama mfano wa Mombo na Lushoto. Mombo iko kwenye tambarare, kama mita 430 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko kama mita 1,400. Katikati ni kilomita 33 tu. Ukitazama kilomita peke yake, utasema utaondoka Mombo baada ya chakula cha mchana. Ukitazama mwinuko, unaona mita 1,000 hivi, maana yake saa tatu na nusu za kupanda mfululizo, na ukiweka mapumziko ni saa tano. Kwa hiyo unaondoka Mombo kunapopambazuka, maana sehemu ya chini ndiyo yenye joto kali na ndiyo yenye kona kali zaidi. Ukifika Soni, kama mita 1,200, kazi kubwa imekwisha. Kunywa chai, tazama maporomoko, kisha umalizie kilomita 12 hivi zilizobaki taratibu.

Programu za ramani kwenye simu zinaweza kukuchorea mwinuko wa njia nzima. Zitumie, na uzihifadhi ramani hizo ndani ya simu kabla ya kuondoka, kwa kuwa mtandao hukatika mara tu ukiteremka bondeni. Ila usiziamini kuhusu hali ya barabara. Programu haijui kwamba mstari inaokuonyesha ni njia ya miguu ya kwenda kisimani. Anayejua ni dereva wa bodaboda. Kila unapofika kituo chao, simama, salimia, kisha uliza maswali mawili: nauli ya kwenda pale ni kiasi gani, na gari dogo linafika? Usiulize kama ni mbali. Utaambiwa si mbali, ni hapo tu, kwa moyo mwema kabisa. Nauli haidanganyi. Ikiwa kilomita 15 za upande mmoja zinadai nauli maradufu ya kilomita 15 za upande mwingine, umeshaelezwa habari zote za mawe na miinuko.

Mlimani

Anzia mlimani, na anzia Mombo. Wapo wanaoshauri kuanzia pwani ili miguu izoee, na hoja yao ina uzito. Lakini kupanda Lushoto kuna faida tatu siku ya kwanza. Njia yote ni ya lami. Mabasi na magari madogo hupita siku nzima, hivyo ukishindwa au kitu kikivunjika, msaada uko karibu. Na mji ulio juu una mafundi na duka la vipuri. Kasoro ya mzigo, ya kiti au ya gia itajitokeza kwenye kona za Soni, mahali unapoweza kuirekebisha, badala ya kujitokeza Dindira, mbele zaidi njiani, ambako huwezi.

Kufika Mombo ni rahisi. Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Lushoto, Moshi na Arusha yote hupita hapo. Treni ya abiria ya kwenda Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya njia hiyo kulala kwa miaka mingi, nayo hupita Korogwe. Ulizia ratiba mapema na uulize habari za behewa la mizigo.

Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal na kuipenda kwa baridi yake, lala hapo usiku mbili. Siku ya pili usibebe mzigo. Nenda Irente, chini ya saa moja kutoka mjini, usimame kwenye jabali na kutazama tambarare ya Mombo iliyo mbali chini, barabara kuu ikionekana uzi mwembamba. Njiani kuna shamba la Irente linalouza mkate, jamu na jibini vilivyotengenezwa hapo hapo. Nunua jibini, inastahimili siku kadhaa mkobani kwenye baridi hii, na mchana wa Bumbuli utashukuru. Jioni kaza kila parafujo uliyoiona ikilegea.

Kutoka Lushoto kuna njia mbili, na uamuzi wako utategemea siku ulizo nazo. Ukiwa na siku kumi na mbili au zaidi, nenda Mtae. Ni kama kilomita 60, kupitia msitu wa Magamba, soko la mboga la Lukozi, na migongo ya milima iliyolimwa kabichi na viazi hadi ukingoni. Mtae yenyewe imekaa mwisho wa safu, na mbele yake ardhi inaporomoka hadi tambarare za Mkomazi. Sijaona kijiji kingine Tanzania kilichojengwa mahali pa ajabu namna hiyo. Usijaribu kuimaliza njia hiyo kwa siku moja ukiwa na mzigo. Rangwi kuna nyumba ya masista ambayo hupokea wasafiri, nayo huikata safari mahali pazuri. Ukiwa na siku nane au tisa tu, iache Mtae. Kuikimbilia na kurudi mbio ni kuiharibu.

Njia ya pili, ambayo kila mtu ataipita hatimaye, ni ile ya kurudi Soni na kuingia Bumbuli, kisha kuteremka kupitia Dindira hadi Korogwe. Hii ndiyo roho ya safari. Ni kama kilomita 75 kutoka Soni, zenye kupanda na kushuka ambako jumla yake itakushangaza. Utapita jirani na Vugha, makao ya watawala wa ukoo wa Kilindi, ambako Kimweri ye Nyumbai alitawala nchi ya Wasambaa hadi alipofariki mwaka 1862. Ukisukuma baiskeli kwenye miinuko ile, utaelewa kwa nini adui alipata taabu kufika huko. Baada ya hapo chai inaanza, mashamba ya kijani yaliyokatwa sawasawa, na wachumaji wenye vikapu mgongoni ambao watakupungia mkono hadi upotee kwenye kona.

Lala Bumbuli. Kuna gesti, kuna chakula, na kuna hospitali ya misheni, jambo la kuliweka kwenye mpango hata kama hutaihitaji. Kesho yake ondoka mapema kwa ajili ya mteremko wa Dindira, unaokutoa kwenye baridi hadi joto la Korogwe, mita 300 tu juu ya bahari. Ni mteremko wa udongo na mawe, na ndiyo sehemu ya safari inayotaka akili kuliko nguvu. Funga breki kwa vipindi: kamata kwa nguvu, achia, kamata tena, ili ringi na raba zipate kupoa. Anayeziminya mfululizo hupata joto linaloweza kupasua tyubu. Simama kila baada ya dakika kumi, gusa ringi kwa nyuma ya kidole, na kama inaunguza, kaa chini na utazame bonde.

Kama barabara ya Dindira imeharibika kwa mvua, bodaboda wa Bumbuli watakuambia. Usibishane nao. Rudi Soni, teremka Mombo kwa lami, na upande basi hadi Korogwe.

Barabara kuu

Kutoka Korogwe hadi Muheza kupitia Segera ni lami nzuri, na hapo nasema waziwazi: panda basi. Barabara hiyo hubeba mabasi ya Kaskazini na malori mazito, mabega yake ni membamba, na madereva hupishana bila kumhesabu mwendesha baiskeli. Hakuna cha kuona ambacho kinastahili hatari hiyo. Wenye muda na wasiojali vumbi wanaweza kuacha Amani na kufuata bonde la Lwengera, barabara ya udongo ya Magoma na Mashewa inayopita kati ya Usambara mbili na kutokea Mabokweni, karibu na Tanga. Ni njia ndefu, ya upweke na yenye joto. Beba maji ya kutosha.

Ukilazimika kupita barabara kuu popote, pita asubuhi mapema, vaa nguo ya rangi kali, funga kioo kidogo kwenye usukani, na ukisikia honi ndefu nyuma yako toka kabisa barabarani. Usiku usipande baiskeli hata kidogo, hata kama mji unaonekana taa zake.

Amani

Muheza ni mji wa machungwa, na miezi hii huwa mengi na ya bei rahisi. Jaza mkoba, kisha elekea Amani, kama kilomita 35 hadi 40. Nusu ya kwanza ni nyepesi. Ukishapita lango la hifadhi pale Zigi, barabara inaanza kujikunja na kupanda ndani ya msitu hadi Amani yenyewe, kama mita 900 juu ya bahari. Sehemu hii utasukuma, na kusukuma humo si adhabu. Kuna kivuli, kuna maji yanayotiririka pembeni, na mwendo wa mguu ndio unaokuonyesha kinyonga kwenye tawi. Sehemu za barabara zimekuwa zikijengwa, kwa hiyo ulizia Muheza kabla ya kupanda.

Wajerumani walianzisha bustani ya mimea hapa mwaka 1902, wakipanda miti ya kutoka pembe zote za dunia ili kuona ni ipi ingewaletea faida. Mingi bado ipo. Hifadhi ya mazingira asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997. Ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya lina asili yake katika milima hii na ya jirani. Ofisa wa Kijerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire alituma mbegu zake kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na jina la kisayansi la Saintpaulia likatokana naye. Mlipe kiongozi wa kijijini akuonyeshe linapoota lenyewe, kwenye mwamba wenye unyevu.

Lala usiku mbili. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Kamilisha Muheza, kwenye mtandao wa uhakika.

Upepo na pwani

Hapa ndipo wapangaji wengi hukosea. Wakiteremka Amani huenda moja kwa moja Tanga mjini kwa sababu kuna lami, halafu kutoka Tanga huelekea Pangani kusini. Lakini Juni hadi Septemba ni miezi ya kusi, upepo unaovuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Kutoka Tanga kwenda Pangani unakuwa umeuelekezea uso. Kilomita 50 hivi za tambarare zinageuka mlima usio na kilele, maana kila unapoacha kukanyaga baiskeli inasimama. Manahodha wa majahazi walijua miaka na miaka kwamba kusi ni upepo wa kwenda Lamu na Arabuni. Mwendesha baiskeli naye aupangie hivyo hivyo.

Kwa hiyo geuza mpangilio. Kutoka Muheza shika barabara ya udongo ya kwenda Pangani moja kwa moja, kama kilomita 45. Inateremka kidogo kidogo kuelekea bahari, na kwa kuwa utakuwa unakwenda upande unakotoka upepo, ondoka mapema. Kusi huwa na nguvu zaidi kuanzia mchana. Utapita mashamba ya mkonge. Zao hili liliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche michache iliyonusurika safari kutoka Florida ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani hiyo hiyo unayoiendea. Njia haina kivuli. Beba lita nne za maji kwa kila mtu, na kofia iwe tayari wakati wowote kofia ngumu haipo kichwani.

Pangani usiipite mbio. Ni mji mdogo wa nyumba za zamani za mawe mlangoni mwa mto, na ndio uliokuwa kitovu cha vita vya mwaka 1888 na 1889 dhidi ya Wajerumani. Abushiri bin Salim alinyongwa hapa Desemba 1889. Vuka kwa kivuko hadi Bweni, kisha endelea kusini hadi Ushongo, kama kilomita 15, mzigo ukiuacha gesti au ukienda kulala ufukweni. Kusini zaidi ni hifadhi ya Saadani, yenye simba na tembo. Huko si kwa baiskeli. Ukitaka kuiona, kodi gari.

Ukiwa Ushongo unaweza kuendesha juu ya mchanga wenyewe, mradi ujue maji. Mchanga mkavu wa juu humeza tairi. Mchanga uliolowa, ulioachwa na maji yanayokupwa, ni mgumu na hubeba baiskeli vizuri. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hukupwa sana katikati ya asubuhi, kama saa 4 au saa 5, na ufukwe huwa mpana kweli. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Siku za maji mafu ufukwe hubaki mwembamba, na afadhali ufuate barabara. Waulize wavuvi jioni. Watakuambia saa ya kutoka na saa ya kuwa umesharudi.

Chumvi ni adui wa cheni. Jioni hiyo hiyo mwagia baiskeli maji baridi ya kisima, ifute, na utie oili. Ukisubiri kesho utakuta kutu.

Sasa kusi iko mgongoni. Kutoka Pangani kwenda Tanga barabara inafuata pwani kuelekea kaskazini, na upepo ule ule ambao ungekuchosha unakusukuma. Barabara hii imekuwa kwenye ujenzi wa lami. Tarajia vipande vya lami laini na pengine michepuko ya vumbi. Simama Tongoni, kama kilomita 20 kabla ya Tanga, uone magofu ya msikiti na makaburi yake ya nguzo yaliyo mengi kuliko utakavyoona kwingine kokote kwenye mwambao huu. Utafika Tanga na miguu ingali na nguvu, na kesho yake mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, yatakuwa matembezi mepesi.

Baiskeli na mzigo

Chagua baiskeli ambayo fundi wa kijijini anaijua. Tairi za inchi 26 zinapatikana karibu kila mji. Tairi za inchi 28 pia zipo, lakini hapa wengi hunaswa: ile 28 ya baiskeli za kazi, yenye milimita 635 kwenye ringi, si sawa na ile ya baiskeli za kisasa zinazoandikwa 700, yenye milimita 622. Haiingii. Ukija na ringi za 700, beba tairi moja ya akiba ya kukunja na tyubu tatu. Kama vali zako ni zile nyembamba, beba kiunganishi cha kukuwezesha kutumia pampu za kwetu.

Gia ni muhimu kuliko uzito wa fremu. Unahitaji gia ndogo kabisa ambayo mbele ina meno machache kuliko nyuma, kwa mfano 26 mbele na 34 nyuma. Bila hiyo utausukuma mlima wa Soni mzima. Tairi ziwe pana, karibu inchi 2. Raba za breki ziwe mpya, na jozi moja ya akiba. Ongeza spoku nne za saizi ya magurudumu yako, kipande cha cheni na kiungo chake, viraka na solusheni, waya wa breki na wa gia, na kamba za mpira. Kamba za mpira hutengeneza kila kitu.

Mzigo ugawe nyuma kwa keria imara, pande mbili sawa, vitu vizito chini. Usivae begi mgongoni. Litakuumiza kabla ya Soni. Chandarua kiingie, kwa kuwa malaria ipo kwenye njia hii. Hema si lazima kwenye njia hii. Ukilazimika kulala kijijini pasipo na gesti, mtafute mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji kabla ya jua kuzama, jitambulishe, na uombe mahali. Anza na shikamoo, na usiseme shida yako kabla ya kumaliza kusalimiana. Mara nyingi utapewa uwanja wa shule, pengine na ugali juu yake.

Fedha taslimu za siku tatu ziwe mfukoni daima. Mtae, Bumbuli na Amani usitegemee mashine ya benki. Mawakala wa fedha za simu wapo sehemu nyingi, lakini mtandao ukikatika nao husimama.

Kutoka Tanga

Mabasi ya Dar es Salaam huondoka Tanga kuanzia alfajiri. Fika stendi mapema, toa gurudumu la mbele, geuza usukani, fungua pedeli, na uilaze baiskeli kwenye buti juu ya mizigo mingine, cheni ikitazama juu. Patana na kondakta bei ya baiskeli kabla haijaingia, na uipate kwenye risiti. Wanaotoka Kenya, au wenye siku mbili zaidi, wasipande basi. Kutoka Tanga hadi mpaka wa Horohoro ni kama kilomita 65 za lami isiyo na msongamano mkubwa, na kutoka Lunga Lunga, upande wa Kenya, hadi Likoni ni kama 100, kupitia Msambweni na Diani, kaskazini na kaskazini-mashariki, kusi ikiwa bado mgongoni. Wawe na pasipoti au hati ya kusafiria ya Afrika Mashariki, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na wavuke mpaka asubuhi ili walale Msambweni.